Nusu Saa Nje ya Mlango

9 Januari

Baba Mapacha,

Sisi wazima. Mgonjwa ni mashine ya kusaga, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeileta humu ndani, wewe ndiye utakayesikia kilio chake kwanza.

Tangu Jumatatu inatoa moshi mweusi. Si ule wa asubuhi unaopungua ikishapata joto. Huu unatoka mweusi tii kutwa nzima, mpaka jirani yetu mshona nguo amehamishia cherehani yake uani. Nikiipa gunia la mahindi inakohoa, mkanda unateleza, na wateja wanasimama mlangoni na ndoo zao wakinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayetoa moshi.

Swali langu ni moja. Naliandika peke yake lisije likakupotea:

Kwa nini inatoa moshi mweusi, na nifanye nini?

Nakuomba kwa heshima zote, usinijibu kwa injini ya meli. Mwezi wa kumi na moja nilikuuliza kama utakuwepo mapacha wakienda bweni, ukaniandikia kurasa sita. Nilizihesabu. Nne na nusu zilikuwa za pistoni, moja ya hali ya hewa, na nusu ya mwisho ukawasalimia watu wote wa mtaa, hadi yule fundi baiskeli ambaye hamsemeshani. Kuhusu bweni hukusema kitu. Kilichokuwepo pembeni ni alama ya dole gumba lako la oili, kama barua zako zote, kana kwamba umepiga mhuri.

Basi narudia. Mapacha wanaondoka tarehe kumi Julai. Mkataba wako unaisha Juni. Tulikubaliana mbele ya kaka yangu kuwa huu ni wa tatu na wa mwisho. Miaka minne nazungusha hii hendeli ya kuwashia mashine peke yangu, mkono wangu wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Ukisaini wa nne, nafunga mashine, nahamia kwa kaka, na ukirudi utakuta kufuli. Sikutishi. Nakupa taarifa.

Mkeo,
Mama Mapacha


2 Februari

Mama Mapacha, mke wangu,

Barua yako nimeipata leo kutoka kwa wakala wa bandarini. Nimeisoma nikiwa nimesimama na nimeielewa, huna haja ya kunipigia kelele.

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Mashine inakula lakini haipumui. Ili uelewe, hebu nikueleze kidogo jinsi hii yetu ya meli inavyopumua. Usikunje uso, nitakuwa mfupi.

Kwanza jua ukubwa wake. Ukisimama chini ukaangalia juu, unaona ghorofa tatu na nusu za chuma, na ngazi za kupandia. Ina silinda saba. Mwaka jana tulipoifungua niliingia ndani ya silinda moja, nikachuchumaa na taa yangu, na nafasi ikabaki. Pistoni yake ikishuka inasafiri mwendo unaozidi urefu wangu. Lakini haina haraka. Yako hiyo inazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika kama kuku aliyeona nyoka. Hii inazunguka mara tisini tu, na kila pigo unalisikia kwenye nyayo.

Haina gia. Shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja mpaka kwenye propela. Nahodha akitaka kurudi nyuma, tunaisimamisha kabisa, halafu tunaiwasha upya izunguke kinyume. Na ya kuiwashia siyo hendeli. Tunayo matangi ya hewa iliyobanwa, tunaiachia ndani, inasukuma pistoni, na injini ikishaanza kuzunguka ndipo tunaipa mafuta. Mafuta yenyewe ni mazito kama lami, lazima tuyapashe moto kupita maji yanayochemka ndipo yakubali kupita kwenye nozeli, vile vitundu vya kuyanyunyizia. Plagi hakuna, kama yako tu. Hewa ikibanwa sana inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Hapo ni ndugu, yako na yangu, ila mmoja alikula akashiba.

Sasa kupumua. Moshi wetu hatuutupi hivihivi. Unapita kwenye feni kubwa, unaizungusha, na feni hiyo inasukuma hewa safi ndani ya silinda. Hewa ikipungua kidogo tu, moshi mweusi, na nahodha anapiga simu kuuliza kama tunachoma matairi.

Naona karatasi inaisha. Kuhusu yako: fungua chujio la hewa, lile kopo la kando. Limejaa unga. Likung'ute, lioshe kwa dizeli, likauke, rudisha.

Na kuhusu Juni nimesikia.

Mumeo,
Baba Mapacha


24 Februari

Baba Mapacha,

Ukurasa mzima na nusu, na jibu langu limebanwa chini kabisa kwa herufi za kutafutia miwani! "Limejaa unga." Maneno mawili. Ungeyaandika mwanzo ungekufa?

Hata hivyo umechelewa. Kufikia siku ya nne baada ya kukuandikia nilikuwa nimeshalifungua mwenyewe. Nilikaa nikaitazama ile mashine, nikajiuliza inakula wapi na inavuta pumzi wapi, nikaona lile kopo, nikafungua, ukamwagika unga wa kutosha chakula cha mchana. Mshona nguo karudisha cherehani yake barazani. Kwa hiyo usidhani mke wako ni mtu wa kusubiri meli.

Lakini wiki iliyopita ilianza kuchemka. Nikaona rejeta, ile ya kupoza maji, nayo itakuwa imeziba kwa unga uleule. Wateja walikuwa wamejaa, nikaizima, nikafungua mfuniko wa maji palepale niangalie. Yakaruka. Mkono wa kushoto umeungua kidogo tu, kuanzia kiwiko kushuka. Mapacha walinimwagia maji ya mtungi mpaka nikalowa kama niliyeanguka kisimani. Naandika kwa wa kulia, kwa hiyo usihangaike.

Halafu huyu mke mwenzangu wa chuma mwenye ghorofa tatu na nusu, nimechoka naye. Naona unamjua kila kiungo. Umeingia mpaka ndani yake ukachuchumaa. Mimi unakumbuka nimevaa viatu namba ngapi?

"Nimesikia" si jibu. Nipe tarehe.

Mkeo,
Mama Mapacha


18 Machi

Mama Mapacha,

Umenikata maini. "Kidogo tu, kuanzia kiwiko kushuka"! Huo ndio mkono mzima, mwanamke, umebakiza nini?

Miaka kumi na minne nimekaa na injini, na ukiniuliza nimejifunza nini, nitakujibu neno moja: kusubiri. Mashine iliyopata moto kupita kiasi huifungui. Unaizima, unaondoka. Unatafuta kitu kingine cha kushika. Wateja wakinung'unika, wanung'unike. Nahodha akitukana, atukane. Nusu saa. Yaani hili nalo nilipaswa kukuandikia?

Na safari hii nitakuambia ya injini yangu na utaisoma yote, maana ni kwa faida yako.

Chini kabisa ya injini yetu kuna tumbo. Humo ndimo shafti kuu inamozunguka, ile iliyopindapinda, tunaita krenki. Tumbo lina milango ya chuma pembeni, kila silinda na mlango wake, mtu anaingia kwa kuinama. Ndani oili inanyesha wakati wote kulainisha beringi. Sasa beringi moja ikikosa oili inapata moto. Oili inayoigusa inageuka mvuke, mvuke ukipoa kidogo unakuwa ukungu mweupe, na ukungu huo ukijaa tumboni ni hatari kama petroli. Kuna kidude kinachounusa. Kikilia, unapunguza mwendo, unasimamisha injini, na unakaa mbali na milango. Ndani mle ukungu umekosa hewa ya kuwakia. Wewe ukifungua mlango na ile beringi bado nyekundu, umepeleka hewa. Kinachotoka humo si cha kusimulia. Wapo watu wazima, wenye vyeti ukutani, hawakutoka.

Kwa hiyo nusu saa nje ya mlango. Dakika ishirini na tisa hazitoshi. Vijana wanaokuja kazini mimi huwafundisha hilo kabla sijawaonyesha choo kilipo. Na mke wangu mwenyewe anafungua rejeta inayochemka kwa sababu kuna foleni ya ndoo!

Rejeta unaisafisha kwa brashi laini, mashine ikiwa baridi, kila Jumamosi. Mkono usiutie kitu chochote cha kupikia. Nenda zahanati.

Tarehe umeitaka. Nashuka melini tarehe ishirini Juni. Fundi wa kunipokea ameshateuliwa. Ishirini na sita nitakuwa nyumbani, na tarehe kumi Julai masanduku ya mapacha nitabeba mimi.

Viatu ni namba thelathini na tisa, na cha kulia kinakubana.

Mumeo,
Baba Mapacha


9 Aprili

Baba Mapacha,

Zahanati nilikwenda. Mkono umebaki na ramani, lakini unafanya kazi. Na sikujua kuwa unajua habari ya kile kiatu.

Tarehe ishirini na sita Juni nimeiandika kwa chaki kwenye ukuta wa mashine, juu ya mizani, kila mteja anaiona. Mapacha wameinakili kwenye madaftari yao yote. Kaka yangu nimemwambia. Hata fundi baiskeli anajua, kasema mtapatana. Kwa hiyo sasa hii si ahadi ya mimi na wewe tu.

Sikiliza vizuri. Mtaalamu wa kuchelewa ni wewe. Harusi yetu ulichelewa, mapacha walizaliwa ukiwa unatengeneza pampu ya mtu. Safari hii ukichelewa hata siku moja baada ya tarehe kumi Julai, usinitafutie sababu ya upepo wala ya nahodha. Kufuli nimeshanunua, liko juu ya kabati.

Mkeo,
Mama Mapacha


29 Mei

Mama Mapacha,

Natumaini barua hii itawakuta wazima. Mimi sijambo. Mwandiko huu ni wa mpishi wa meli, nimemwomba aniandikie kwa kuwa nina kazi nyingi na mikono yangu ni michafu.

Nasikitika kukuarifu kuwa nimeongeza mkataba wa miezi sita. Kampuni imeniomba na nimeona si vizuri kukataa. Wasalimie mapacha, waambie wasome kwa bidii. Hali ya hewa huku ni nzuri, asubuhi jua linaingia dirishani na kuna miti nje.

Najua utakasirika. Ni haki yako.

Mumeo,
Baba Mapacha


17 Juni

Wewe bwana,

Jina la Baba Mapacha leo silitumii, baba ni mtu aliyepo.

Nimefuta ile tarehe ukutani kwa kitambaa cha maji, mbele ya wateja. Mmoja akauliza, "Vipi, kaahirisha?" Nikamwambia weka ndoo yako kwenye mizani. Mapacha waliporudi kutoka shule nikawaambia, na hawakulia, ndicho kilichoniuma zaidi. Mmoja alisema, "Tulijua." Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua, mimi mtu mzima nimenunua pazia jipya la kukupokea.

Miezi sita. "Kampuni imeniomba." Na sisi tulikuwa tunafanya nini miaka yote, tunakuimbia? Kaa naye huyo wa chuma. Kufuli nalitoa kabatini kesho.

18 Juni

Sijaipeleka posta. Asubuhi nilikaa kwenye benchi la wateja nikaisoma tena barua yako, nitafute mahali pengine pa kukasirikia. Ndipo nikaanza kuona mambo.

Mikono yako ni michafu, unasema. Mikono yako imekuwa michafu miaka kumi na minne na hujawahi kumpa mtu kalamu. Nimetoa barua zako zote kwenye lile boksi la viatu. Kila moja ina dole gumba la oili pembeni. Hii ya mwisho ni safi kama shuka la hospitali.

Jua linaingia dirishani na nje kuna miti. Ulishaniambia mara mia kuwa huko chini unakofanya kazi mtu hajui kama ni asubuhi au jioni, na chumba chako kina kidirisha cha kuchungulia bahari. Miti imeota wapi?

Na kikubwa kuliko vyote. Hii ni barua yako ya kwanza tangu tuoane ambayo haina injini. Hakuna pistoni, hakuna beringi, hakuna hata tone la oili. Mtu aliyeongeza mkataba kwa mapenzi ya injini angenipa kurasa saba. Mimi naendesha mashine. Ikinyamaza ghafla sidhani kuwa imepumzika, najua kuna kitu kimekatika.

Kwa hiyo sasa naomba usinipige chenga. Uko wapi? Na mkono wako una nini?

Kufuli limerudi juu ya kabati. Linasubiri jibu.

Mama Mapacha


8 Julai

Shemeji,

Pokea salamu. Mimi ndiye mwenye ule mwandiko safi. Mumeo hajui kuwa nakuandikia, na akijua atanirushia sahani kwa mkono wa kushoto, ambao kwa bahati nzuri hauna shabaha.

Barua yako nilimfungulia mimi, na nilipomfungulia macho yangu yakatangulia. Nikamsomea. Nilipofika kwenye dole gumba akageukia ukutani. Nikamwambia, "Bwana, huyu mwanamke ameshakukamata, mjibu." Akasema nikuandikie kuwa ana mafua. Mafua! Shemeji, mimi nimemchoka huyu mtu.

Kazi yangu ni jiko, ya injini nayajua kwa kusikia, lakini haya meli nzima inayajua. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Mei, tumebakiza safari ya siku moja kufika bandari hii. Kile kidude cha ukungu kikalia. Wakasimamisha injini. Mumeo akawatoa wenzake wote wanne, akawapandisha juu, akabaki yeye na saa yake. Sisi tukawa tunaelea, upepo unatusukuma ubavu. Nahodha akapiga simu huko chini mara saba. Tungekosa nafasi yetu gatini, tungengoja nje wiki tatu, na wiki tatu hizo zingesogeza mbele siku ya mumeo kushuka melini, zimpitishe tarehe kumi Julai. Nahodha alimwambia hivyohivyo, maana kila mtu melini alikuwa anaijua tarehe yako.

Alisubiri dakika kumi na moja. Halafu akafungua mlango.

Alisimama pembeni, hilo ndilo lililomwokoa. Moto ulitoka mara moja kama ulimi, ukachukua mkono wa kulia na sikio kidogo. Kishindo nilikisikia jikoni, sufuria zote zikashuka. Sasa yuko hospitali ya hapa, kitanda cha dirishani. Meli imefungwa gatini kwa matengenezo, nami kila mchana nampelekea chakula kwa kuwa cha hospitali anadai kina ladha ya bomba.

Ovaroli iliungua mkono wote, lakini mfuko wa kifuani ulipona. Muuguzi alinikabidhi kilichokuwemo. Ni barua yako ya tarehe tisa Aprili, yenye habari ya kufuli.

Nilimwuliza kwa nini akudanganye. Akasema mambo mawili. La kwanza, ukijua kilichomfanya aharakishe utajilaumu maisha yako yote, bora umkasirikie yeye, hasira utapona. La pili alilisema kwa sauti ndogo: "Nitamwambiaje, mimi niliyemwandikia kurasa nzima kuhusu nusu saa?"

Nimemaliza. Nisamehe kwa ile barua ya Mei. Niliandika nilichoambiwa.

Shemeji yako,
Mpishi


11 Julai

Mama Mapacha

Naandika kwa kushoto. Mpishi hana breki mdomoni, amekiri mwenyewe.

Yote aliyosema ni kweli. Dakika kumi na moja. Nilikuwa naiangalia saa na naijua kanuni. Nilijiambia beringi imepoa. Sikuwa na sababu ya kujiambia hivyo.

Mkono umebaki, ila vidole viwili havikunjiki. Daktari anasema havitakunjika. Spana kubwa siwezi tena. Hendeli ya mashine yako sijui.

Jana ilikuwa tarehe kumi. Nililala naangalia dari, nikihesabu masanduku.

Wamebadilisha beringi na injini imewashwa. Sikuuliza. Mpishi alinieleza tu.

Natoka hospitali tarehe ishirini Agosti. Ishirini na sita naweza kuwa nyumbani. Kama umehamia kwa kaka niambie, nije huko niombe radhi. Kama kuna kufuli niambie pia. Sitalaumu.

Baba Mapacha


31 Julai

Baba Mapacha,

Barua yako ni fupi kuliko zote na imenichosha kuliko zote. Kila herufi imelala upande wake. Nimeisoma mara nne, halafu nikaenda nyuma ya mashine nikalia pale kilio hakisikiki.

Ulinificha ili nisijilaumu. Najilaumu. Sasa umefaidi nini? Umeniunguza mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa huruma, na katikati umewaambia watoto wako kuwa umewakimbia. Nakwambia ukweli, moto ningekusamehe siku ileile. Huo mkataba wa uongo ndio unaonipandisha presha mpaka leo.

Masanduku nilibeba mimi na mshona nguo. Barua zenu zilipofika niliwafuata mapacha bweni nikawaambia kila kitu, maana wewe ukificha kitu kinafika kwao kikiwa kibaya zaidi. Yule aliyesema "Tulijua" ndiye aliyelia mpaka akashindwa kurudi darasani. Amenipa ujumbe kwako: anasema likizo atakufundisha kuandika kwa kushoto, kwa sababu yeye ni wa kushoto na wewe hujawahi kuliona hilo.

Vidole viwili nisikie umeviweka kwenye barua tena kama hukumu, tutagombana. Hendeli tutazungusha pamoja, mimi nishike kwa mkono wangu mnene wa kulia, wewe na hicho kilichobaki. Kuna mama mmoja mwenye mashine kama yangu mtaa wa chini, inatoa moshi mweupe na hajui kwa nini. Nimemwambia mume wangu anakuja, ila ajiandae na kiti, maelezo yatakuwa marefu.

Alama hiyo pembeni ni dole gumba langu. Leo nilikuwa nabadilisha oili.

Sijahama. Kufuli nimempa fundi baiskeli, anafungia magurudumu yake. Lakini sikia. Tarehe ishirini na sita ukifika, mlango utaukuta umefungwa kwa komeo kutoka ndani, nami niko nyuma yake. Usigonge. Weka begi chini, kaa kwenye benchi la wateja, tazama saa yako. Nina moto wa miaka minne humu ndani, na wewe unajua kinachotokea mtu akifungua mapema.

Nusu saa, Baba Mapacha. Dakika ishirini na tisa hazitoshi. Nikishapoa nitafungua mwenyewe.

Mkeo,
Mama Mapacha